Mbao za dari zisizodaka moto upesi: mwongozo kamili wa kuzipika kwa boraksi

Ujumbe ni uleule, anayebadilika ni mtumaji tu. Wa juzi alikuwa mjenzi wa Goba, hapa Dar: "Fundi, nimepiga boraksi mikono minne kwa brashi, nikajaribu kipande kwenye jiko la gesi. Kimewaka kama kuni za mama ntilie."

Nikamwuliza swali moja: mbao ilikuwa na kilo ngapi kabla ya kupakwa, na ngapi baadaye? Hakupima. Hakuna anayepima.

Shida iko hapo. Kuzuia mchwa na dumuzi, kilo chache za chumvi ya boroni (boraksi ni mojawapo) kwa mita moja ya ujazo ya mbao zinatosha, ndiyo maana brashi imepata sifa isiyostahili. Moto unataka zaidi mara kumi: kilo 40 hadi 80 kwa mita ya ujazo. Kiasi hicho hakikai juu ya ngozi ya mbao hata upake mikono kumi. Lazima kiingie ndani, na njia pekee ya kujua kimeingia ni mizani.

## Utapata nini, na hutapata nini

Mbao hii haitageuka chuma. Mbao ikipata joto la nyuzi 200 na kuendelea huanza kuvunjika na kutoa gesi, na ule mwali unaouona ni gesi hiyo inayoungua. Chumvi za boroni huyeyuka zikawa kama utando wa kioo, na huifanya mbao itoe mkaa na mvuke mwingi kuliko gesi. Mwali unakosa chakula. Moto wa nyaya darini unapanda taratibu badala ya kukimbia, nawe unapata dakika za kutoa watoto nje na kupiga 114.

Zinatumika boraksi na asidi ya boriki, unga mwingine wa boroni, kwa pamoja, kwa sababu kila moja ina udhaifu wake. Boraksi huzuia mwali kutambaa lakini huacha kaa jekundu likiendelea kula mbao chini kwa chini. Asidi ya boriki huzima kaa hilo, ila kwa mwali haina nguvu. Ukinunua moja ukaacha nyingine, umefanya nusu ya kazi.

Kama unajenga hoteli, bweni au ukumbi, huu si mwongozo wako. Tafuta mbao zilizotiwa dawa kiwandani kwa mtambo wa shinikizo, zenye cheti. Mkaguzi wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hatasoma daftari lako la mizani.

## Vifaa

Hesabu hii ni ya hodhi lenye lita 300 za maji, linalopika mbao 20 za inchi mbili kwa mbili, futi 12, kwa mkupuo.

- Boraksi ya kawaida, kilo 60
- Asidi ya boriki ya unga, kilo 39
- Maji safi, lita 300. Ya bomba ni bora, kisima cha chumvi hapana
- Hodhi la chuma (maelezo yako chini)
- Mizani ya kuning'iniza inayosoma gramu 50 au pungufu
- Kipimajoto kinachofika nyuzi 100
- Kuni, mabati mawili matatu ya kufunikia, matofali matano ya inchi sita
- Nailoni nene ya kufunika, vijiti vya kutenganishia mbao
- Glovu ndefu za mpira, miwani ya fundi, barakoa ya vumbi, mabuti
- Daftari

Hodhi. Pipa la lita 200 lina urefu wa sentimita 88 hivi, na mbao ya futi 12 ina mita 3.66. Kwa hiyo unahitaji nusu tano: mapipa mawili na nusu yaliyopasuliwa kwa urefu na kuunganishwa na fundi wa kuchomelea. Liweke juu ya mafiga ya matofali ili moto upite chini kwa urefu wote.

Onyo kabla hujampa fundi kazi: usipasue pipa lililobeba petroli, dizeli au tina. Mvuke uliobaki ndani hulipuka kwa cheche moja, hata kama pipa limekaa tupu mwezi mzima. Tafuta yaliyobeba mafuta ya kula, yaoshe, uyajaze maji kabla ya kukata.

Kemikali. Maduka yanayouzia watengeneza sabuni pale Kariakoo ndipo pa kuanzia. Kemikali za viwandani nchini zinasimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, kwa hiyo nunua kwa muuzaji aliyesajiliwa, mfuko uwe na lebo na risiti iwepo. Kifuko cheupe kisicho na jina kinaweza kuwa chochote.

Kuhakiki asidi ya boriki ni rahisi. Weka chembe kwenye kifuniko cha soda, dondoshea spiriti, washa ukiwa kivulini. Mwali utakuwa na kingo za kijani. Ukiona bluu na njano tu, rudisha mzigo.

## Hatua ya 1: Chagua mbao inayokunywa

Nunua paina nyeupe ya kawaida, ile inayoshuka na malori kutoka Mafinga na Njombe. Ni changa, laini, na sehemu kubwa yake ni nyama ya nje inayofyonza vizuri. Usipoteze boraksi kwenye mninga au mkongo. Hazinywi.

Wengi hunijibu, "Si ninunue tu ile ya kijani, imeshatiwa dawa?" Dawa ya kijani ni ya mchwa na kuoza. Haizuii moto. Tena mbao zenye dawa ile zikishika moto huweza kuendelea kufuka bila mwali mpaka ziishe, na aina yenye aseniki hutoa moshi na majivu yenye sumu. Masalia yake usiyape mtu akachemshie maharage.

Kuhusu kiasi: huna haja ya kupika nyumba nzima. Ili ifikie kilo 40 za chumvi yenye kazi, mita moja ya ujazo ya mbao itakunywa kilo 62 hivi za boraksi na asidi kama zilivyo dukani, na mfuko wako utalia. Mimi huanza na brandaringi zote zinazoshika dari, kisha papi (zinazoshika bati) na kenchi (fremu za paa) zilizo juu ya jiko na zile zilizo karibu na mita ya LUKU na boksi la swichi. Mlango wa mbele usubiri.

## Hatua ya 2: Kausha, kisha kata kila kitu

Mbao iliyoshuka lorini jana imejaa maji. Nafasi ambayo chumvi yako ingekaa imeshachukuliwa.

Ipange kivulini, juu ya matofali, vijiti katikati ya kila safu ili upepo upite. Msimu mzuri Dar ni Juni hadi Septemba. Wakati wa masika utasubiri mpaka uchoke. Chagua mbao tatu za mfano, zipime kila baada ya siku mbili. Uzito ukigoma kushuka mara tatu mfululizo, hapo hewa ya pwani imefika mwisho wake. Kwa kipimo cha unyevu, asilimia 18 inatosha. Ukavu wa Dodoma hutaupata hapa, na hauhitajiki.

Zikishakauka, randa, kata kwa urefu wa mwisho, toboa matundu yote. Sababu: moyo wa mbao hupata chumvi kidogo kuliko ngozi. Ukikata baada ya kupika, unafungua mlango ambao moto utaingilia.

## Hatua ya 3: Namba, futikamba, mizani

Kila mbao ipe namba. Kwaruza kwa msumari upande mmoja, kalamu itafutika ndani ya hodhi. Kisha pima unene, upana na urefu halisi. Usiandike "mbili kwa mbili" kwa sababu muuzaji alisema hivyo. Mbili kwa mbili ya sokoni ukiipima unakuta sentimita 4.5 kwa 4.5.

Mfano wa mbao moja kutoka daftari langu:

Namba 7. Mita 0.045 × 0.045 × 3.6 = mita za ujazo 0.0073. Uzito mkavu kilo 3.5.

Weka pia vipande vinne vya sentimita 60 kutoka mbao zilezile. Viwili vitapikwa pamoja na wenzao, viwili vitabaki vikavu. Hivi ni mashahidi wako wa baadaye.

## Hatua ya 4: Pika mchanganyiko

Vaa glovu, miwani na barakoa kabla ya kufungua mfuko. Chumvi hizi zinaweza kudhuru uzazi na mimba. Mjamzito asikae hapo, watoto wasikaribie, na sufuria iliyotumika isirudi jikoni.

Jaza lita 300, washa moto. Maji yakifika nyuzi 60, mimina boraksi polepole huku mwenzako akikoroga kwa mti mrefu. Ikishayeyuka, fuata na asidi ya boriki kwa namna hiyohiyo.

Ukiona asidi inaelea juu kama unga wa sembe uliotupwa kwenye maji baridi, punguza kasi ya kumimina, ongeza moto kidogo. Umefaulu pale unapochota kwa glasi na kuona maji angavu, hakuna chembe inayozama chini.

Kumbuka namba hii: 0.16. Karibu nusu ya uzito wa boraksi ni maji yaliyofungwa ndani ya fuwele zake, na asidi nayo huachia maji kidogo zikiungana, kwa hiyo katika kila kilo moja ya mchanganyiko huu, chumvi yenye kazi ni gramu 160 hivi.

## Hatua ya 5: Moto, kisha ubaridi

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo watu wanapoharibu.

Zamisha mbao zote. Zitaelea, na zitaelea kwa nguvu: mbao 20 husukuma juu kwa kilo 80 na ushee. Laza vipande vya nondo au mbao kukingama hodhi, pandisha matofali juu yake. Tenganisha mbao kwa vijiti vyembamba ili maji yapite kila upande. Weka alama ya kina cha maji kwa kukwaruza ukuta wa hodhi. Funika kwa mabati.

Pandisha joto mpaka nyuzi 85 hadi 90, ulishikilie hapo saa tatu. Kwa mbili kwa nne, saa tano. Maji yasichemke kwa fujo. Yawe yanatetemeka tu. Kaa upande upepo unakotoka, mvuke huu si wa kuvuta.

Tazama ncha za mbao. Utaona vipovu vinatoka kama vile vya chai inayokaribia kuiva, mfululizo, kwa saa ya kwanza hata ya pili. Hiyo ni hewa iliyokuwa ndani ya mbao, imetanuka kwa joto na inatafuta njia. Bado mbao haijanywa kitu cha maana. Imetoa hewa tu.

Maji yakipungua muda huu, mengi yamekwenda na mvuke. Ongeza maji ya moto matupu mpaka kwenye alama.

Vipovu vikinyamaza na saa zikitimia, vuta kuni zote. Usitoe mbao. Ziache humohumo, chini ya maji, mpaka asubuhi. Mbao ikipoa, hewa kidogo iliyobaki ndani inasinyaa na kuacha ombwe, na ombwe hilo ndilo linalonyonya mchanganyiko mpaka ndani. Kunywa kunafanyika usiku, wewe ukiwa umelala.

Mkupuo wangu wa kwanza niliutoa saa kumi jioni ukiwa wa moto, nina haraka ya kuwahi daladala. Nikapima: mbao imeongeza gramu 400. Nikailaumu kemikali, nikamlaumu muuzaji, karibu nimlaumu mpaka kijana aliyekuwa akichochea kuni. Wiki iliyofuata nikapika mbao nyingine kwa kemikali ya gunia lilelile, nikaziacha mpaka alfajiri. Kilo mbili kila moja.

Asubuhi utakuta kina kimeshuka chini ya alama. Safari hii si mvuke, ni mbao zimekunywa. Kabla ya mkupuo unaofuata ongeza mchanganyiko wenye nguvu ileile, yaani boraksi kilo 20 na asidi kilo 13 kwa kila lita 100 za maji. Ukiongeza maji matupu hapa, mkupuo wa tatu utakuwa supu nyepesi.

Ukikuta fuwele zimeganda chini kama sukari guru, mchanganyiko umekolea kupita kiasi au umepoa mno. Pasha tena, ongeza maji kidogo mpaka ziyeyuke.

Onyo: lita 300 za maji ya nyuzi 90 ni hatari kuliko kemikali iliyomo. Zungushia eneo kamba, na usifanye kazi hii peke yako.

## Hatua ya 6: Mizani inasema ukweli

Toa mbao, zichuruzike nusu saa, pima.

Namba 7 iliingia na kilo 3.5, ikatoka na 5.5. Imeongeza kilo 2.0.

2.0 × 0.16 = kilo 0.32 za chumvi.
0.32 ÷ 0.0073 = kilo 44 kwa mita ya ujazo.

Imepita 40, imefaulu. Iliyopata 30 hadi 39 iache ikauke, kisha irudi hodhini mara ya pili. Chini ya 30, jiulize kwanza kama ilikuwa kavu kweli. Usiitupe: kwa mchwa bado imepona, itumie kwenye banda.

Katika mbao 20 hukosi mbili tatu zilizokataa kunywa. Mara nyingi ni zile zenye vifundo vingi au zilizojaa utomvu.

## Hatua ya 7: Zifunike, ndipo zikauke

Zipange zimebanana, uzifunike kwa nailoni pande zote kwa siku saba. Boroni husafiri ndani ya mbao kwa kupitia maji. Ukizianika juani siku hiyohiyo, maji yanakimbia na kuacha chumvi yote juu ya ngozi.

Baada ya wiki, ondoa nailoni, zipange kwa vijiti kivulini, wiki tatu hadi nne. Ukungu mweupe wa chumvi juu ni kawaida, futa kwa kitambaa chenye unyevu. Zisinyeshewe hata mara moja, maana boroni huondoka na maji kama ilivyokuja.

## Hatua ya 8: Jaribio la moto na la manjano

Chukua mashahidi wako. Kata kipande kutoka katikati, kamwe si nchani. Ncha hunywa zaidi sana kuliko katikati, nayo itakudanganya. Pasua kijiti chenye unene wa kidole kutoka kila kipande.

Nje, pasipo upepo, shika kijiti kwa koleo juu ya mwali wa gesi kwa dakika mbili. Ondoa, washa saa ya simu. Kilichopikwa vizuri hujizima ndani ya sekunde chache, kimebaki cheusi bila jicho jekundu. Kisichopikwa kinaendelea na safari yake. Kibiriti hakitoshi kwa jaribio hili, mwali wake mfupi hata mbao kavu huweza kuuvumilia.

Kama unataka kuona chumvi imefika wapi, loweka manjano ya unga kwenye spiriti usiku mmoja, chuja. Paka kwenye sehemu iliyokatwa upya, ikauke. Kisha, ukiwa na glovu, dondoshea asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa. Penye boroni panageuka wekundu, pasipo na boroni panabaki manjano. Fanya hivyohivyo kwenye kipande kisichopikwa uone tofauti.

## Hatua ya 9: Kufunga

Kila mkato au tundu jipya utakalolazimika kufanya juu ya kenchi, lipake mchanganyiko wa moto mara tatu. Hapo brashi ina kazi yake.

Bati linalovuja litafuta kazi yako kimyakimya, kwa hiyo ziba misumari ya paa kabla ya kufunga dari. Nyaya zipite ndani ya mabomba yake, zisilazwe tupu juu ya brandaringi. Na ukifunga bodi ya jipsamu chini yake, umezipa mbao zako mwenzi mzuri: jipsamu ina maji yaliyofungwa ndani, karibu asilimia 21 ya uzito wake, ambayo moto lazima uyachemshe kwanza kabla ya kupita.

## "Mbolea je? Ni rahisi zaidi"

Swali hili nalipata kila mwezi. Ni kweli chumvi za fosfeti na salfeti za amonia huzuia moto. Lakini mbolea ya DAP ya gunia ina uchafu usioyeyuka, na chumvi za amonia huvuta unyevu na kula misumari, jambo baya kwa mji wa chumvi kama wetu.

Kuna la pili. Huko Marekani, miaka ya 1980, plywood za paa zilizotiwa baadhi ya dawa za aina hiyo zilianza kumomonyoka miaka michache tu baada ya kufungwa. Joto la chini ya paa lilikuwa limeamsha asidi ndani ya mbao. Panda darini kwako saa nane mchana mwezi wa Februari, uguse bati kwa kiganja, kisha uamue.

## Yaliyobaki hodhini

Usimwage kwenye bustani wala mtaroni. Boroni kidogo hulisha mmea, ikizidi huua, na mchicha wa jirani utakuwa wa kwanza kukusuta. Chota kwenye madumu ya plastiki, funga, andika kwa maandishi makubwa SUMU – DAWA YA MBAO, uyafungie stoo. Fuwele zikiganda chini ya dumu si hasara. Zipashe moto, zitarudi kazini kwenye mkupuo unaofuata.